Lango la Mlima: Bei na Msongamano katika Historia ya Vail

Vail ni mji mdogo wa jimbo la Colorado nchini Marekani, uliolala kando ya kijito cha Gore takriban kilomita 160 magharibi ya Denver, na wakazi wake wa kudumu waliohesabiwa katika sensa ya 2020 hawakufika 5,000. Mlima ulio juu ya mji huo hupokea katika msimu mmoja wa baridi watelezaji zaidi ya milioni moja, yaani watu wanaojifunga miguuni mbao nyembamba ziitwazo skii na kushuka nazo mteremko wa theluji kwa kasi. Desturi ya soko ni kwamba kitu kikipanda bei wanunuzi hupungua, lakini hapo Vail tiketi ya siku moja ilifika dola 329 katika msimu wa 2024 hadi 2025, na foleni zikabaki pale pale. Jambo hili hutajwa mara nyingi kuwa tamaa ya kampuni inayouendesha mlima huo kwa upande mmoja na wingi wa matajiri kwa upande wa pili. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaishia njiani, kwa sababu anayeufuatilia mlima huo tangu ulipofunguliwa ataona kwamba bei ya juu na umati wa watu havikuwahi kupingana mahali hapo. Vimetoka tumbo moja, na kwa sehemu kubwa kimoja ndicho kilichomlea mwenzake.

Asili ya jambo lenyewe ni chombo kimoja cha kawaida kabisa, lifti ya viti, ambayo ni waya mnene wa chuma unaozunguka bila kusimama kati ya gurudumu la chini na gurudumu la juu ya mlima, ukiwa umening'iniza viti vinavyowabeba watelezaji wakiwa wamekaa, skii zao zikining'inia hewani. Lifti ya kwanza ya namna hiyo duniani ilijengwa mwaka 1936 huko Sun Valley, katika jimbo la Idaho, kwa agizo la kampuni ya reli ya Union Pacific, ambayo mwenyekiti wake, Averell Harriman, alikuwa akitafuta sababu ya kuwapandisha abiria treni wakati wa baridi. Mhandisi aliyeibuni, Jim Curran, alikuwa na uzoefu wa mitambo ya bandarini katika nchi za joto, iliyopandisha mikungu ya ndizi melini kwa kulabu zilizofungwa kwenye waya unaokwenda mfululizo; kazi aliyoifanya ilikuwa kuiondoa kulabu na kuweka kiti mahali pake. Kwa hiyo mchezo unaohesabiwa kuwa wa watu wa baridi kali una deni la kweli kwa wapakiaji wa ndizi, jambo ambalo vitabu vya kutangaza utalii wa milimani havioni haja ya kulitilia mkazo.

Kabla ya lifti kuja, mtelezaji alipanda mlima kwa miguu yake, akatumia saa nzima au zaidi kupanda ili ateleze dakika chache, na miguu hiyo ndiyo iliyoweka kikomo cha watu kwa siku. Mlima wa aina hiyo ulikuwa mgumu kusongamana, na ulikuwa mgumu vilevile kutozwa ada, kwa kuwa haukuwa na mlango. Lifti iliupa mlima mlango. Mahali kinapopakilia kiti ndipo wote wanapolazimika kupitia, ndipo tiketi inapokaguliwa, na ndipo foleni inapojipanga. Tangu siku hiyo pa kulipia na pa kusubiri pakawa mahali pamoja.

Vail yenyewe ni tunda la vita. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilijenga kambi iitwayo Camp Hale kwenye bonde la Pando, kusini ya mahali mji ulipo sasa, katika mwinuko wa takriban mita 2,800, ili kuwafunza askari kupigana milimani na kwenye theluji. Kikosi kilichotoka hapo, Divisheni ya 10 ya Milimani, kilipelekwa Italia, ambako mnamo Februari 1945 askari wake walipanda usiku ukingo mkali wa Riva na kuwashtukiza Wajerumani waliokuwa juu. Miongoni mwa askari wa divisheni hiyo alikuwamo Pete Seibert, aliyejeruhiwa vibaya mwezi Machi mwaka huohuo kiasi kwamba kurudi kwake kwenye skii kulionekana ni ndoto. Alipopona alifanya kazi ya doria ya mlima huko Aspen, kisha akaenda Lausanne, Uswisi, kusomea uendeshaji wa hoteli. Hatua hiyo ya pili ina uzito kuliko inavyopewa na wasimulizi wa habari zake, wanaovutwa zaidi na majeraha ya vita, kwa sababu inaonyesha kwamba tangu awali Seibert alikuwa akiwaza kijiji kizima chenye vitanda, meza za chakula na maduka, na mlima ukiwa sehemu moja tu ya biashara hiyo.

Aliyemwonyesha mlima huo ni Earl Eaton, mzaliwa wa bonde hilo, aliyeujua kwa kuuzunguka akitafuta madini ya urani. Mnamo Machi 1957 wawili hao walipanda kwa saa saba katika theluji nzito mpaka kileleni, na upande wa kusini wakaona miteremko mipana isiyo na miti, iliyobonyea kama mabakuli makubwa yaliyowekwa ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo baadaye iliyoitwa Mabakuli ya Nyuma, nayo ndiyo iliyoipa Vail sifa yake duniani. Bondeni chini hapakuwa na mji, ila malisho ya kondoo na barabara moja. Ili wenye mashamba wasipandishe bei kwa kunusa mpango wenyewe, Seibert na wenzake walijiandikisha kama klabu ya uwindaji na uvuvi, na kwa jina hilo wakanunua shamba la takriban ekari 500 kwa dola kama 110 kila ekari. Mlima wenyewe hawakuununua wala wasingeweza kuununua, kwa kuwa ni sehemu ya Msitu wa Taifa wa White River, mali ya umma inayosimamiwa na Idara ya Misitu ya serikali kuu. Walichopata ni kibali cha kujenga lifti na kuendesha biashara kwa kulipa ada.

Mgawanyo huo, mlima wa umma na bonde la watu binafsi, ndio ufunguo wa mengi yaliyofuata. Mtaji ulikusanywa kwa kuuza hisa za dola 10,000 kwa watu waliopewa, pamoja na hisa, tiketi za maisha na nafasi ya kupata kiwanja cha kujenga kijijini kwa bei ya kutupa. Tangu mwanzo basi lifti ilikuwa chambo, na samaki aliyekuwa akivuliwa ni ardhi. Mlima ulifunguliwa tarehe 15 Desemba 1962 ukiwa na lifti mbili za viti na gondola moja, yaani kibanda kilichofungwa pande zote kinachobebwa na waya, na tiketi ya siku ilikuwa dola 5. Kwa thamani ya fedha ya 2024 hizo ni kama dola 52, kiasi ambacho fundi au mwalimu wa Denver angeweza kukitoa mara kadhaa kwa msimu bila kuivuruga nyumba yake. Watelezaji wa msimu wa kwanza walihesabiwa kuwa kama 55,000, na shida ya wenye mlima haikuwa foleni bali ni viti vilivyopanda vitupu.

Barabara ndiyo iliyoyageuza mambo. Kutoka Denver msafiri alilazimika kuupanda mlima wa Loveland kwa njia ya makona katika mwinuko wa karibu mita 3,650, na siku ya dhoruba njia hiyo ilifungwa. Serikali kuu ilipoamua kupitisha hapo barabara kuu ya I-70, handaki lilitobolewa chini ya mgongo wa milima, likafunguliwa kwa upande wa kwanza mwezi Machi 1973 na kwa upande wa pili Desemba 1979. Upande wa kwanza ulipewa jina la rais Eisenhower. Baada ya hapo mkazi wa Denver aliweza kuamka alfajiri, akateleza Vail na kurudi kulala kwake, lakini waliotaka kufanya hivyo ni wengi mno, na barabara yenyewe ilikuwa moja. Msongamano wa magari wa Jumapili jioni kwenye I-70 umekuwa mkongwe kuliko vijana wengi wanaokaa ndani yake.

Wananchi wa Colorado waliliona hilo mapema. Kamati ya Olimpiki ilikuwa imeipa Denver Michezo ya Majira ya Baridi ya 1976, na mahali palipofikiriwa kwa mashindano ya kushuka mlima ni Beaver Creek, bonde jirani na Vail. Mnamo Novemba 1972 ilipigwa kura ya maoni kuhusu kutumia fedha za umma kwa michezo hiyo, na karibu watu 6 kati ya kila 10 walikataa, wakihofia gharama na umati ambao ungefuata na usiondoke. Michezo ikahamishiwa Innsbruck, Austria, na mwanasiasa kijana aliyeongoza upinzani huo, Richard Lamm, alichaguliwa kuwa gavana mwaka 1974. Ulikuwa ushindi wa wazi, nao haukuzuia chochote: Beaver Creek ilifunguliwa mwaka 1980 bila Olimpiki.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya mitambo. Lifti ya zamani ina viti vilivyokazwa kwenye waya, hivyo waya wote hauna budi kwenda polepole ili mtu aweze kukalia kiti kinapompitia. Katika lifti mpya kila kiti hushika waya kwa taya la chuma lenye springi. Kikifika kituoni taya hufunguka, kiti kinahamia kwenye reli yake na kutambaa taratibu mbele ya abiria, kisha kinaushika waya tena na kuondoka kwa kasi. Kiti cha watu wanne kinachoondoka kila baada ya sekunde sita hupandisha watu 2,400 kwa saa, takriban maradufu ya kile cha zamani cha watu wawili. Mwaka 1985, mfanyabiashara George Gillett alipoinunua Vail, lifti nne za aina hiyo zilifungwa kwa mkupuo, na foleni za chini zikayeyuka. Lakini watu hawakuyeyuka. Aliyekuwa amesimama dakika 20 kwenye foleni sasa alikuwa mteremkoni, pamoja na wote waliokuwa nyuma yake, na kila aliyeteremka alirudi langoni haraka zaidi kuliko jana. Msongamano ulitoka mahali ulipokuwa salama ukaenda mahali ambapo watu hupishana kwa kasi ya gari la mjini. Dawa ya hilo ikawa kupanua mlima, na upanuzi uliopangwa upande wa kusini, kwenye msitu uliodhaniwa kuwa makazi ya mnyama adimu wa jamii ya paka aitwaye linksi, ulichochea uhasama mkubwa: usiku mmoja wa Oktoba 1998 watu wa kundi lililojiita Jeshi la Ukombozi wa Dunia walichoma majengo na mitambo ya mlimani, hasara ikakadiriwa kuwa dola milioni 12. Eneo jipya lilifunguliwa mwaka 2000 hata hivyo. Mji nao ulikuwa umekwisha kuandikiana na kampuni mkataba, katika miaka ya 1990, wa kujitahidi siku za kilele zisizidi watu karibu 20,000 mlimani, idadi ambayo ni mara nne ya wakazi wote.

Gillett alielemewa na madeni, na mwaka 1992 mlima ukaangukia mikononi mwa kampuni ya uwekezaji ya Apollo. Hapo biashara ilibadilika sura. Mwaka 1997 kampuni, sasa ikiitwa Vail Resorts, ilinunua vituo vya skii vya Breckenridge na Keystone na kuingia kwenye soko la hisa la New York, na Wizara ya Sheria ya Marekani, ikihofia kwamba milima yote mikubwa iliyo karibu na Denver ingekuwa na mwenye mmoja, iliidhinisha ununuzi huo kwa sharti kwamba kituo kidogo kimoja, Arapahoe Basin, kiuzwe kwa mtu mwingine. Katika hoja hiyo ya wanasheria kulikuwa na wazo kwamba ushindani hulinda bei. Ushindani ulikuja kweli, tena mwaka uliofuata. Kituo cha Bogus Basin cha Idaho kiliuza pasi ya msimu, yaani kibali cha kuteleza siku zote za msimu kwa malipo ya mara moja, kwa dola 199 tu, nacho cha Winter Park, Colorado, kikauza pasi kwa makundi ya watu wanne kwa dola 200 kila mmoja. Majirani hawakuwa na la kufanya ila kufuata. Pasi ambayo hapo awali ilikuwa anasa ya mwenyeji tajiri ikawa bidhaa ya kila nyumba ya Denver.

Mwezi Machi 2008 Vail Resorts, ikiongozwa na Rob Katz, ilitangaza Epic Pass, pasi moja ya vituo vyake vyote isiyo na siku zilizozuiliwa, kwa dola 579. Maana ya hesabu hiyo inastahili kuangaliwa kwa karibu. Adui mkubwa wa mwenye mlima ni anga: theluji ikichelewa, wateja hawaji, na mishahara haingoji. Pasi huuzwa kuanzia mwishoni mwa msimu uliopita hadi mwanzoni mwa Desemba, kabla mtu yeyote hajajua baridi itakuwaje, kwa hiyo mteja ndiye anayeibeba hatari ya ukame wa theluji, na kampuni hulala na fedha yake benki. Ili mteja akubali kulipa mapema hivyo, lazima aone kwamba kusubiri ni hasara, na kazi ya kumwonyesha hasara hiyo ilipewa tiketi ya siku. Mwaka 2008 tiketi ya siku Vail ilikuwa bado chini ya dola 100, na pasi ililingana na siku kama sita za mlangoni; katika msimu wa 2024 hadi 2025 pasi ilianza kuuzwa dola 982 na tiketi ya siku za kilele ikafika 329, na pasi ikawa sawa na siku tatu. Ukiondoa kupungua kwa thamani ya dola, pasi ilipanda kidogo katika miaka hiyo 16, ilhali tiketi ya mlangoni ilipaa. Bei inayolalamikiwa na kila mgeni iliwekwa, basi, ili isilipwe na watu wengi. Ni fimbo ya kumwongoza kondoo zizini, na sehemu kubwa ya watelezaji, karibu robo tatu kwa hesabu za kampuni yenyewe, sasa huingia kwa pasi.

Aliyekwisha kulipa hana sababu ya kubaki nyumbani. Kila siku ya ziada ni bure kwake, na siku nzuri, theluji mpya ikiwa imeanguka usiku na jua limetoka asubuhi, ni nzuri kwa wenye pasi wote kwa wakati mmoja. Mwezi Februari 2020, baada ya dhoruba kubwa, picha za umati uliojazana chini ya lifti ya Mabakuli ya Nyuma zilienea nchini kote: vichwa vyenye kofia ngumu vimebanana bega kwa bega, skii zimekanyagana, na viti vinaondoka mbali kule mbele. Mwaka 2021 kampuni ilishusha bei ya pasi kwa asilimia 20, kutoka dola 979 hadi 783, ikauza zaidi ya milioni 2. Msimu huo huo wafanyakazi walikuwa haba, lifti nyingine katika vituo vya kampuni hazikufunguliwa, na manung'uniko yakawa makali kiasi kwamba kampuni ilipandisha mshahara wa chini hadi dola 20 kwa saa na kutangaza kikomo cha tiketi za siku. Kikomo hicho hakikuwagusa wenye pasi, ambao ndio wengi. Nchini kote vituo vilikuwa vimepungua kutoka 735 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi chini ya 500, na wakati huohuo msimu wa 2022 hadi 2023 uliweka rekodi ya Marekani ya siku za kuteleza milioni 65.

Uhaba wa wafanyakazi hauelezeki bila kurudi kwenye viwanja vya 1962. Bonde la Vail ni jembamba, limebanwa na msitu wa serikali pande zote mbili, na barabara kuu imekula sehemu ya kilichobaki. Nyumba zilizojengwa na waliofuata nyayo za wenye hisa za kwanza zikawa za watu wanaokuja wiki chache kwa mwaka au za kupangisha watalii kwa usiku. Mwendesha lifti, mpishi na mfagiaji wa vyumba wakasukumwa kuteremka bonde hadi Eagle na Gypsum, au kuvuka mlima hadi Leadville, mji wa zamani wa migodi ulio juu ya mita 3,000, na kusafiri alfajiri gizani kwenye barafu. Mwaka 2017 serikali ya mji ilianzisha mpango uitwao Vail InDEED, ambamo mji humlipa mwenye nyumba ili akubali kuandikwa katika hati yake sharti la kudumu kwamba nyumba hiyo itakaliwa na mtu anayefanya kazi katika wilaya ya mji huo; mwenye nyumba anabaki huru kuiuza kwa bei yoyote. Ni mpango wa busara, ingawa ndani yake mna kichekesho kichungu: umma unanunua tena, kipande kwa kipande, haki ya kulala katika bonde lililouzwa dola 110 kwa ekari. Huko Park City, jimbo la Utah, katika kituo kingine cha kampuni hiyohiyo, wafanyakazi wa doria ya mlima waligoma mwishoni mwa Desemba 2024 wakidai nyongeza ya mshahara, na kwa karibu wiki mbili za sikukuu wageni waliolipia bei ya kilele walisimama kwenye foleni ndefu chini ya mlima ambao sehemu yake kubwa ilikuwa imefungwa.

Arapahoe Basin, kile kituo kidogo ambacho sheria ilikiondoa mikononi mwa Vail mwaka 1997, kiliendelea kukubali pasi za kampuni hiyo kwa mkataba mpaka mwaka 2019, kilipojitoa kwa kuwa magari ya wenye pasi yalikuwa yamejaza maegesho yake na wateja wake wa zamani kukosa pa kusimama. Kilipunguza tiketi kilizouza kwa siku, na kwa miaka michache kilitajwa na wapenzi wa skii kama ushahidi kwamba mlima unaweza kukataa wateja na bado ukaishi. Mwaka 2024 kilinunuliwa na Alterra, mshindani mkuu wa Vail, anayeuza pasi nyingine ya vituo vingi iitwayo Ikon; na msimu uliofuata, kwa siku za mwisho wa wiki, dereva anayetaka kufika hapo asubuhi alianza kutakiwa kuweka nafasi ya gari lake kabla hajatoka nyumbani.